Kamera ya filamu inavujisha mwanga: soma negativu kabla ya kugusa sponji

Umepeleka filamu kusafishwa, picha zimerudi na michirizi ya rangi ya chungwa imekatiza nyuso za watu. Ukifungua mlango wa nyuma wa kamera unakuta sponji nyembamba nyeusi zilizozunguka ukingo zimelainika na zinanata kidoleni kama lami ya barabarani saa saba mchana. Hapo mkono unawasha kuzikwangua palepale. Ngoja kwanza. Sponji iliyooza lazima ibadilishwe, hilo halina mjadala, lakini si kila mwanga unaoharibu picha umepitia kwenye sponji. Ukikwangua kabla ya kujua mwanga uliingilia wapi, utamaliza kazi na filamu inayofuata itarudi na michirizi ileile.

Ushahidi uko kwenye negativu, yaani ule ukanda wa filamu yenyewe iliyokwisha kusafishwa. Kama umetumiwa picha kwa simu tu, rudi ulikosafishia filamu ukaombe negativu zako, kwa sababu picha iliyoskaniwa hukatwa kingo, na kingo ndizo zenye habari. Kumbuka pia kwamba kwenye negativu kila kitu kimegeuka: mwanga uliovuja unaonekana mweusi.

Kwa nini sponji inaoza

Kamera nyingi za Kijapani za kuanzia miaka ya 1960 huzuia mwanga mlangoni kwa vipande vya sponji ya poliyurethani. Olympus Trip 35 ya 1967, Canon AE-1 na Pentax K1000 za 1976, zote ni hivyo. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa. Molekuli zake hukatikakatika taratibu, na mwisho ama inageuka unga ama inageuka uji mzito unaonata. Joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo kamera iliyokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja haina nafuu yoyote kwa kuwa tu haikutumika. Ukinunua kamera ya miaka hiyo, hata kama ngozi yake inang'aa na bado iko kwenye mkoba wake, chukulia kwamba sponji zimekwisha mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kuthibitisha ni rahisi. Bonyeza sponji kwa kijiti cha meno. Ikirudi juu yenyewe, bado ipo hai. Ikibaki na shimo, ikiacha weusi kwenye kijiti au ikimeguka, imekufa.

Leica za familia ya M hazina taabu hii, kwa sababu huzuia mwanga kwa chuma kilichokunjwa na kupandana, si kwa sponji. Ndiyo maana kamera ya 1954 inaweza kuwa salama kuliko ya 1984.

Weusi unaofika hadi kwenye matundu ya pembeni

Hii ndiyo dalili ya mlango. Filamu ikiwa ndani ya kamera, kinachopakana na lenzi ni dirisha la milimita 24 kwa 36 tu. Mwanga unaopita kwenye lenzi hauwezi kufika kwenye matundu ya pembeni, yale ya kuvutia filamu, wala kwenye nafasi kati ya fremu (picha moja) na fremu. Kwa hiyo ukiona weusi umevuka mpaka wa fremu, umepanda juu ya matundu au umeunganisha fremu mbili, mwanga huo uliingia kwa nyuma.

Filamu ya rangi inatoa ushahidi wa pili. Tabaka zake zimepangwa ili lile linalopokea rangi nyekundu liwe chini kabisa, karibu na plastiki. Mwanga unaoingia kwa nyuma hulikuta hilo kwanza, hivyo picha hutoka na michirizi myekundu au ya chungwa. Mwanga ulioingilia mbele huacha doa lililopauka, karibu na jeupe. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe ushahidi huu haupo, utategemea umbo peke yake.

Sasa tafuta mahali penyewe. Lenzi hupindua picha: juu huwa chini, kushoto huwa kulia. Badala ya kuumiza kichwa, fanya hivi. Fungua mlango wa kamera, chukua kipande cha negativu, kiweke juu ya dirisha la filamu upande usiong'aa ukielekea kwenye lenzi, na vichwa vya watu vikiwa chini. Filamu imekaa sasa vilevile ilivyokaa ulipobonyeza shata. Fuata weusi kutoka ndani ya fremu kwenda ukingoni, na uangalie unaelekea kwenye sehemu gani ya mlango. Ukielekea kulia, kwenye K1000, AE-1 na SLR nyingi za wakati huo (kamera ambazo unachungulia kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo cha ndani), ni upande wa bawaba. Ukielekea juu au chini, ni mifereji miwili mirefu ambamo ukingo wa mlango huingia. Ukielekea kushoto, ni upande wa komeo, kwenye chumba cha kaseti. Kamera nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina kidirisha mlangoni cha kuonyesha kaseti iliyomo. Sponji inayokizunguka kwa ndani nayo huoza, na mara nyingi husahaulika.

Bawaba ndiyo mshitakiwa wangu wa kwanza siku zote. Pale ndipo pana kipande kipana kuliko vyote, na pengo lake ni kubwa. Mwanga wake hupiga filamu ambayo tayari imesogea kuelekea kwenye spuli inayoikunja, kwa hiyo doa linaweza kuangukia fremu uliyopiga kabla ya ile iliyokuwa dirishani.

Angalia pia kama madoa yana mpangilio. Mvujo wa mlango hauna kipimo kimoja: fremu zilizopigwa haraka haraka huwa na mchirizi mwepesi, na ile iliyosubiri wakati kamera imening'inia shingoni juani hupata wa kutisha. Mvujo unaobadilika kufuatana na muda ni wa mlango karibu kila mara.

Doa linaloishia ndani ya fremu

Kama kingo za filamu ni safi kabisa na tatizo liko ndani ya fremu tu, acha mlango. Mwanga umetokea mbele.

Doa dogo la mviringo, au mstari uliofifia, unaorudi mahali palepale kwenye fremu nyingi, ni tundu kwenye pazia la shata, lile linalofunguka na kufungika mbele ya filamu unapopiga. K1000 na AE-1 zina mapazia ya kitambaa yanayokwenda kwa ulalo, na kamera iliyoachwa juani bila kifuniko cha lenzi inaweza kuunguzwa tundu kwa sababu lenzi hukusanya jua. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, ingia kwenye chumba chenye giza na umulike tochi ya simu kwa mbele huku ukitazama pazia kwa nyuma. Sogeza tochi huku na huku. Kisha vuta wenzo wa kusogeza filamu ili shata iwe tayari, bila kuifyatua, urudie, maana pazia ni mawili na kila moja lina zamu yake. Ukiona nyota, umepata jibu, na sponji mpya haitasaidia chochote.

Upande mmoja wa picha ukiwa giza na mwingine sawa, hasa kwa kasi za 1/500 na 1/1000, mapazia hayaendi kwa mwendo mmoja. Hiyo ni kazi ya fundi.

Miduara au pembesita zilizojipanga kwenye mstari, kwenye picha ulizopiga ukielekea jua, ni mwanga unaorukaruka ndani ya lenzi. Kamera haina kosa.

Filamu nzima imefunikwa na ukungu

Soma namba na jina la filamu vilivyochapwa kwenye ukingo. Kama vinasomeka lakini vimezungukwa na kijivu cha kulingana kutoka mwanzo hadi mwisho, filamu ilizeeka au ilikaa kwenye joto. Mashine mpya za ukaguzi za viwanja vya ndege, zile za CT, nazo huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Omba ikaguliwe kwa mkono.

Weusi mzito mwanzoni mwa filamu, kabla ya fremu ya kwanza au juu yake, ni mwanga wa wakati wa kupakia. Hiyo ni kawaida. Ukiwa umepita hadi fremu ya tatu au ya nne kando ya matundu, ulipakia juani: mdomo wa kaseti umefungwa kwa mahameli nyembamba tu. Pakia kivulini, hata kama kivuli chenyewe ni cha mwili wako.

Kabla ya kukwangua: jaribio la tepu

Bado una shaka? Chukua tepu nyeusi ya mafundi umeme. Pakia filamu, funga mlango, ziba kingo zote: juu, chini, bawaba, komeo. Piga nusu ya filamu hivyo, kisha bandua tepu na umalizie nusu iliyobaki katika mwanga uleule. Nusu ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikiwa na michirizi, kesi imekwisha. Tepu isilale kwenye kamera, kwa joto letu gundi yake huhamia kwenye ngozi na kuitoa ni shughuli nyingine.

Dalili zinazotoka kwenye sponji ya kioo

SLR zina sponji moja zaidi, fupi, iliyobandikwa juu ya kioo cha ndani, mbele ya skrini ya fokasi, kile kibapa ambacho picha unayoichungulia hutokea juu yake. Kioo kinaporuka juu hutua hapo. Inapunguza kishindo, na inazuia mwanga wa kitazamio, pale unapochungulia, usirudi kwenye filamu.

Ikioza, utaanza kuona chembe nyeusi kwenye kitazamio ambazo picha hazina. Hizo ziko kwenye skrini ya fokasi, zinaudhi tu. Chembe zinazotua kwenye filamu ndizo hatari: huzuia mwanga na kuacha madoa meusi kwenye picha, mara nyingi yamejazana ukingoni. Mlio wa shata ukiwa umegeuka kutoka mgoto mzito kuwa chuma kwa chuma, sponji haipo tena.

Kubwa kuliko zote ni kioo kinachogoma kushuka. Unapiga picha moja, kitazamio kinakuwa giza. Chungulia kwa mbele ukiwa umetoa lenzi: kama ukingo wa kioo umeng'ang'ania sponji iliyoyeyuka, kitenganishe kwa kijiti cha meno ukigusa fremu yake ya chuma, kamwe si uso wa kioo. Lakini usiihukumu sponji kwa kila kioo kilichogoma. AE-1 isiyofyatuka kabisa mara nyingi inataka betri, ile ya volti 6. Na AE-1 inayokohoa kwa mlio mkali kila unapopiga imekaukiwa mafuta kwenye gia za kioo.

Kuna kamera mbili ambazo sponji yake huharibu mahali usipopaona. Olympus OM-1 ina sponji iliyofunika prizimu, kile kipande cha kioo juu ya kamera kinachopeleka picha kwenye kitazamio. Ikioza hula fedha ya prizimu, na kitazamio hupata madoa ya kahawia yasiyofutika. Canon EOS za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina kipande kidogo ndani ya shata yenyewe, ambacho huyeyuka na kuchirizika kwenye visu vya shata, yale mabapa membamba yanayofanya kazi ya pazia. Ukiona ute mweusi juu ya visu hivyo, acha kupiga, visu vinanatana na vinaweza kupinda.

Kubadilisha: vifaa

Sponji nyeusi laini yenye gundi upande mmoja, unene wa milimita 1.5 kwa mifereji, 2 kwa bawaba, na 2 hadi 3 kwa kioo. Pima mabaki ya ile ya zamani kabla hujaifuta, kwa sababu kamera hutofautiana. Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi simu wanayo. Ile ya rangi ya zambarau ya kuwashia majiko iache, rangi yake hubaki. Vijiti vya meno vingi, pamba za masikio, kibano, rula ya chuma, wembe mpya. Narudia: mpya. Wembe butu huvuta sponji na kuikata kwa mawimbi, na wimbi moja ni mlango wa mwanga.

Kama sponji hiyo haipatikani ulipo, kwa mifereji napendelea uzi mweusi wa kufumia sweta kuliko sponji ya aina nyingine yoyote. Haugeuki lami, unajaa vizuri, na unauzwa kila mahali. Usitumie sponji ya godoro wala ya kuoshea vyombo, wala ile ngumu ya kuzibia madirisha: mlango utafungwa kwa nguvu, nao utapinda.

Kazi yenyewe

Tandika gazeti na uvae glovu, uchafu huu hautoki kwenye nguo. Toa filamu. Kata karatasi iliyotosha dirisha la filamu na uifunike kwa utepe wa karatasi kingoni, ili tone lolote lisifike kwenye pazia la shata. Pazia likishachafuka kwa uji wa sponji, umehama kutoka kazi ya nyumbani kwenda kwa fundi.

Kwangua kavu kwanza. Chonga ncha ya kijiti cha meno iwe bapa, isukume mferejini kwa urefu wake, futa, rudia. Ukimwaga spiriti mapema unageuza kila kitu kuwa wino na kuusambaza. Sehemu kubwa ikishatoka, chovya pamba ya sikio, ikamue, ndipo upitishe. Gundi ya zamani huhitaji spiriti ikae dakika kadhaa kabla ya kulegea. Usiwe na haraka hapa. Sponji mpya iliyobandikwa juu ya mabaki hung'oka ndani ya wiki chache. Epuka asetoni, inakula plastiki na rangi ya kamera.

Kata vipande kwa rula, upana uwe sawa na mfereji au chini yake kidogo. Kuna ujanja wa mafundi unaookoa kazi yote: kabla ya kubandika, lowesha upande wa gundi kwa maji kidogo, au kwa ulimi. Gundi inapoteza mshiko kwa muda, unaweza kusukuma kipande mferejini, kukivuta, kukinyoosha. Maji yakikauka inashika. Bila hivyo kipande kitanata kwenye ukuta wa mfereji kabla hakijafika chini, na utakivuta mpaka kikatike.

Kwenye mfereji, karibu na bawaba, kamera nyingi zina kipini kidogo kinachobonyezwa na mlango ili kihesabu picha kirudi mwanzo. Sponji ikatizwe pale. Ukiifunika, kihesabu hakitajua mlango umefunguliwa.

Ukitumia uzi, ulaze mferejini na uukandamize kwa kijiti, na tone dogo la gundi ya mpira kila mwisho. Bawaba iwekee sponji, si uzi.

Sponji ya kioo ifanye mwisho, ukiwa umetulia. Kioo hiki kina utando wake wa kuakisi juu, si nyuma kama cha ukutani, kwa hiyo kuupangusa hata kwa pamba ni kuukwaruza. Ingiza kipande cha karatasi kifunike kioo na skrini ya fokasi. Shika kamera mdomo ukitazama chini, chembe zianguke nje. Kwangua kwa kijiti, malizia kwa pamba iliyokamuliwa mpaka karibu ikauke. Tone moja la spiriti likipanda kwenye skrini huacha alama usiyoweza kuifikia. Weka kipande kipya kwa kibano, kandamiza, pulizia vumbi kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo.

Acha mlango wazi saa kadhaa gundi ikauke.

Umemaliza, na bado kuna tatizo

Mlango haufungi mpaka uusukume: sponji ni nene mno au imepandana kwenye kona. Punguza, usitegemee kwamba italala yenyewe.

Kioo kinapanda lakini picha zina kivuli kwenye ukingo mmoja: sponji ya kioo ni nene, kioo hakifiki juu. Weka nyembamba zaidi.

Mlango unafunga vizuri na michirizi ipo palepale: kagua mlango wenyewe. Ulaze juu ya kioo cha meza uone kama umepinda, na ulinganishe pengo lake na mwili wa kamera pande zote. Kamera iliyoanguka kwenye kona huwa na pengo ambalo sponji ya milimita 1.5 haijazi. Hapo, na hapo tu, sponji nene kidogo upande huo mmoja inaruhusiwa.

Wenye chumba cha giza wanaweza kukagua bila kupoteza filamu. Kata kipande cha karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe chini ya taa nyekundu, kiweke mahali pa filamu uso ukielekea mlangoni, funga, kisha toa kamera juani na kuigeuza pande zote. Karatasi hii ni nzito kupokea mwanga kuliko filamu, ipe angalau nusu saa. Isafishe. Ikitoka nyeupe, rudia na kipande kingine mbele ya bawaba peke yake kwa saa nzima. Wasio na chumba cha giza watumie filamu ya bei nafuu: piga kadhaa, acha kamera juani dakika chache kati ya kila fremu na mlango ukilitazama jua, ukiandika namba ya fremu na upande ulioelekezwa juani, ili negativu zikirudi ujue kila doa ni la wapi.